Picha ya Kihindi Isiyo na Wimbo

Maneno yale niliyasikia kwenye mashine ya kusaga, Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni na debe langu la mahindi. Wanawake wawili wa kijiji cha Daa walikuwa mbele yangu, hawakugeuka kuona nani yuko nyuma.

"Umesikia ya binti wa Leonida, yule anayetafsiri picha za Kihindi kwenye banda la video la Valeriani? Siku ya mnada ataonyesha picha ya Kihindi isiyo na wimbo."

"Isiyo na wimbo? Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ngumi hakuna. Mapenzi hakuna. Na steringi ni ng'ombe."

"Ng'ombe! Sasa adui ni nani, kupe?"

Wakacheka mpaka mwenye mashine akawachungulia. Halafu yule wa kwanza akashusha sauti, na hapo ndipo aliponichoma. "Usicheke. Kuna banda moja walionyeshwa picha ya namna hiyo. Watu walinyamaza kwanza. Kimya, hata kikohozi hakuna. Halafu mabenchi yakaanza kuruka. Mtafsiri alitokea dirishani, mguu mmoja hauna kiatu."

Leonida ndiye mimi. Binti ni Penina wangu. Siku ile nilisaga mahindi nikaondoka bila pumba zangu, na mpaka siku ya mnada niliyaona yale mabenchi yakiruka hata nikiwa naosha vyombo. Naandika haya kwa ajili ya wamama wenzangu mlio na watoto wanaoshika maiki, ili yaliyonikuta yasiwakute.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Penina anakaa mbele ya watu, picha inatembea, na yeye anasema kwa Kiswahili wanayosema Wahindi. Kihindi hajui. Watafsiri wote wa mabanda ya huku kwetu hawajui. Wanaangalia uso, wanaangalia mikono, wanatunga. Mhindi akikunja sura na kunyoosha kidole, Penina anaguruma: "Leo utanitambua! Ulimuua baba yangu pale Rhotia, ukamzika kwenye shamba la ngano!" Banda zima linalipuka. Msichana akilia, Penina analia kuliko yule msichana. Watu wa Karatu wanampenda kwa hilo. Na mimi pia, nisidanganye, ni mtu wa nyimbo. Nikiwa binti nilitembea kwa miguu kutoka Daa kuja kuona Wahindi wakiimba juu ya mlima, nikarudi nyumbani nikichota maji kwa kuzungusha kiuno, mama yangu akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Sasa hiyo picha nyingine ilitoka wapi? Penina alipomaliza kidato cha nne alifua nguo kwenye kambi moja ya watalii huko juu Ngorongoro. Akaja mgeni, mwalimu mwanamke wa Kihindi. Mvua ikamzuia ndani siku mbili, wakaongea. Penina akamwambia, mimi nazipenda sana picha zenu, akamwimbia na wimbo. Yule mwalimu akacheka mpaka machozi. Kisha akamwambia kwamba kwao picha ni za aina mbili, na watu wanagombana juu yake tangu enzi za wazee wake. Kuna za kujaza ukumbi, zenye nyimbo na ngumi. Na kuna zile ambazo mtu anazitengeneza kwa sababu kuna jambo limemkaa rohoni, hazina haraka, hazina mapambo, na wenye kumbi wanazikimbia. Akampa moja kwenye flashi. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza ya wanayosema, na Penina Kiingereza anasoma.

"Aayo," aliniambia, maana sisi Wairaqw mama tunamwita hivyo, "ni mara ya kwanza najua kweli wanachosema."

"Na wanasema nini?"

"Kidogo sana."

"Sasa hiyo ni picha gani?" nikamwambia.

Kambi ilipopunguza watu, Penina akarudi nyumbani, akakaa mwaka mzima bila kazi, akakonda. Maiki ya Valeriani ndiyo iliyomrudisha kuwa mtu. Kwa hiyo mnielewe. Nilikuwa naogopa benchi, ndiyo, lakini nilikuwa naogopa zaidi kumwona tena amekaa kwenye kigoda jikoni, anachora chini kwa kijiti.

Siku ya Jumatano nilimpelekea chakula bandani nikawakuta wanabishana, yeye na Valeriani mwenye banda.

"Penina, mwanangu, nisikilize," alikuwa anasema Valeriani. "Mmasai ametoka Endulen na ng'ombe wake. Amewauza, vumbi limemjaa, miguu inamuuma. Anaingia kwangu asahau ng'ombe. Wewe unamwonyesha ng'ombe?"

"Baba Valeriani, amewahi kumwona ng'ombe wake kwenye picha?"

"Anawaona kila siku, bure!"

"Anawaona. Lakini hajawahi kuona mtu amekaa akamtazama ng'ombe kama yeye anavyomtazama."

"Mama Penina, sema na mtoto wako! Watu wanataka kucheza, huyu anataka kuwapeleka msibani!"

Nikasema, "Penina, weka hata wimbo mmoja katikati." Akaniangalia kama nimemwambia aweke chumvi kwenye chai.

Valeriani akachoka. "Haya. Siku ya mnada, saa nane mchana. Mara moja tu. Watu wakibaki mpaka mwisho, maiki ni yako. Wakitoka, maiki ni ya Inosenti, na usije kunililia."

Huyu Inosenti ndiye aliyekuwa anatafsiri kabla ya Penina. Ana sauti kama ya mnadani, na kila picha anaanza kwa kujitaja jina. Alhamisi akaja nyumbani kwangu, mpole kama katekista, hata viatu akavua mlangoni.

"Shikamoo mama. Nimesikia, nikaona nisinyamaze. Dada yangu Penina atapata aibu." Akatoa flashi nyekundu. "Hii ina nyimbo tupu na ngumi. Wewe kaa nyuma, karibu na projekta. Ukiona mambo yameharibika, chomoa ile yake, chomeka hii. Watu watacheza, watasahau."

Nilimshukuru! Nikampa na maziwa. Nikaifunga ile flashi kwenye pindo la kanga.

Siku ikafika. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, moshi wa nyama, vumbi mpaka kwenye kope. Saa nane banda la Valeriani lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, magunia yamefunika madirisha, bati linatoa joto kama oveni. Wakulima wa Baray, vijana wa mjini, na mbele kabisa wafugaji wa Endulen na fimbo zao katikati ya magoti. Mzee mmoja, Parmuat, alikuwa na mke wake Nanyokie, mama mwenye ushanga wa masikio unaofika mabegani. Ule ukame wa juzijuzi ulikuwa umewamalizia zizi zima. Watu wote pale walijua.

Penina akasimama na maiki. "Karibuni. Nawaambia mapema, leo hakuna wimbo. Anayetaka wimbo atoke sasa, asije akasema nilimdanganya."

Hakutoka mtu. Walidhani anatania.

Picha ikaanza. Nchi kavu. Mwanamume, mwanamke, na ng'ombe dume mmoja wa kulimia, mbavu zinahesabika. Wanatembea. Wanatembea tu. Nikatazama saa ya Valeriani, wanatembea bado.

"Penina!" kijana akaita. "Wimbo umekwama Mto wa Mbu?"

"Pancha!" mwingine akajibu. Vicheko.

"Tafsiri basi!"

"Hawajasema kitu," Penina akasema.

"Tunga!"

"Leo situngi."

Jamani! Mtafsiri anakataa kutunga! Nikapapasa pindo la kanga. Inosenti alikuwa amesimama karibu na mlango, anatabasamu kwa upande.

Halafu yule mwanamke wa Kihindi akafika kisimani. Akashusha ndoo kwa kamba ndefu, akavuta, akavuta, ndoo ikaja na tope. Akabaki anaitazama. Nanyokie akapiga kelele kutoka benchi la mbele, "Weka kwenye nguo, wewe! Kamua! Maji yamo!" Na yule mwanamke kwenye picha, wallahi sisemi uongo, akavua mtandio wake, akamimina tope, akaanza kukamua. Wanawake wote wakapiga makofi. "Ehee! Huyo anajua!" Hata mkulima wa Baray aliyekuwa amekaa mbele yangu akaacha kutafuna karanga.

Mume anasema sentensi moja, Penina anaisema sentensi moja. "Twende mjini." Mke anasema, "Na huyu?" Penina anasema, "Na huyu?" kwa sauti ya kawaida tu, sauti anayoniulizia mimi kama mboga imeiva. Basi, hakuna zaidi.

Ng'ombe akaanguka.

Hakuanguka kwa kishindo. Alipiga magoti ya mbele, akakaa, akalala upande. Mume akamshika mkia, mke akamshika pembe, wakamwinua kidogo, akarudi chini. Wakamwinua tena. Akarudi. Picha haikuondoka pale. Ilikaa. Na banda likanyamaza.

Nataka mjue kimya kile. Nje mnada unapiga kelele, ndani hata kikohozi hakuna. Mzee Parmuat ameinama, mikono yote miwili kwenye fimbo. Vijana wameacha simu. Na mimi kichwani nina sauti moja tu, ile ya kwenye mashine: walinyamaza kwanza. Nikamtazama Penina wangu pale mbele, mwembamba, dirisha liko mbali naye. Nikasema, Mungu wangu, wanamuua.

Nikafungua pindo la kanga. Nikainuka. Nikachomoa.

Ukuta ukawa mweupe. Nikachomeka ile nyekundu, na hapo hapo ukumbi ukajaa ngoma! Wasichana thelathini wa Kihindi wakamwagika juu ya mlima, sketi zinazunguka, na sauti kubwa iliyorekodiwa ikatoka kwenye spika: "Naitwa Inosenti, mfalme wa tafsiri, kamata kiti chako!"

Vijana wa nyuma wakaruka juu wakaanza kucheza. Mbele, wafugaji wote wakasimama kwa pamoja, fimbo juu.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Rudisha ng'ombe!"

"Acha wimbo, wimbo mtamu!"

"Kaa chini wewe, mama yako ndiye mtamu! Rudisha ng'ombe!"

Mkulima wa Baray, yule wa karanga, akamshika kijana mmoja shati. Benchi likapinduka kweli. Penina akaja mbio akipita katikati ya watu, akanikuta nimesimama na flashi yake mkononi. Akaichukua, akachomoa ya Inosenti, akairudisha yake. Projekta ikafikiri. Ikafikiri tena. Ikaandika kwamba haioni kitu. Akaipuliza, akaifuta kwa gauni, akachomeka mara ya nne. Hamna. Niliichomoa inatembea, ikafa. Na nakala nyingine hakuwa nayo, kwa sababu kompyuta ya Valeriani ilikuwa imejaa nyimbo.

"Ng'ombe aliinuka au hakuinuka?" Ni Nanyokie aliyeuliza, naye aliuliza kama mtu anayeuliza habari za hospitali. "Binti, wewe umeiona yote. Aliinuka?"

Banda likatulia nusu. Penina akarudi mbele. Maiki hakuichukua.

"Hakuinuka," akasema.

"Aaah!"

"Walimsubiri mpaka jua likashuka. Mume akasema, twende. Mke akamwendea yule ng'ombe, akamfungua kamba ya shingoni. Ilikuwa ngumu, alitumia meno. Kisha wakaondoka. Mwisho."

"Mwisho?" Inosenti akacheka kutoka mlangoni, kwa ile sauti yake ya mnadani. "Jamani, mnamsikia? Steringi hafi! Huyu ndiye aliyetuambia jambazi wa Bombay alizaliwa Rhotia! Leo picha imemfia, anatunga mwisho! Penina, ungetunga hata wimbo!"

Watu wakaguna. Na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiogopa, maana sikukifikiria. Hawakuwa wakimwamini. Miaka miwili amewatungia, wakapiga makofi, wakijua anatunga. Sasa amesema kweli mara ya kwanza, na kweli yake haina pa kushika. Valeriani akawa anatazama mlango, anatazama maiki juu ya meza.

Mzee Parmuat akagonga fimbo chini.

"Layoni, nyamaza." Alimwita Inosenti hivyo, mtu mzima mwenye ndevu, kama mvulana asiyetahiriwa. Ukumbi ukasema "Uuuu!" Mzee akaendelea, "Wewe umefuga nini? Kuku? Mimi nimemwona yule ng'ombe kwa macho yangu. Alilala akageuza shingo nyuma, kichwa kwenye mbavu. Mguu wa nyuma aliunyoosha, haukunjiki. Ng'ombe akilala hivyo umvute mkia, umvute pembe, uite ukoo wako wote. Haamki. Nimewainua kumi na saba waliolala hivyo. Huyu binti angetaka kudanganya, angesema aliinuka. Sisi wote hapa tulitaka ainuke."

Mkulima wa Baray akasema polepole, "Kweli. Kichwa kilikuwa kwenye mbavu."

"Na ile kamba?" Nanyokie akauliza. "Aliitupa?"

"Hapana, mama. Aliikunja, akaiweka begani."

Nanyokie akatikisa kichwa, ushanga ukalia. "Na mimi yangu ninayo," akasema.

Baada ya hapo walikaa! Projekta imezimwa, joto linaua, na watu wamekaa wanabishana kuhusu ng'ombe wa India: wangemnywesha uji, wangemfukizia moshi, mume alikuwa mvivu, mume hakuwa mvivu. Vijana wawili wakasema ni picha mbaya kuliko zote walizowahi kuona, wakaulizwa kwa nini hawajatoka, wakasema wanataka kusikia huyo mzee atasema nini. Magari ya kurudi Endulen yakapiga honi, watu hawakutoka. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo, nalia na kucheka pamoja.

Valeriani akaja akachukua maiki mezani, akampa Penina mbele ya Inosenti. "Yako. Lakini picha za hivi, moja kwa mnada mmoja, na nyimbo zitangulie. Mimi nina banda, sina kanisa."

"Sawa," akasema Penina. "Na mimi, nisipojua wanasema nini, nitasema sijui."

"Watakuzomea!"

"Wazomee."

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Njiani nikashindwa kujizuia. "Mwanangu, nilidhani watakupiga. Walikuwa wamenyamaza."

"Aayo," akasema, hakunitazama, "walikuwa wanaangalia."

Siku tatu hakunisemesha zaidi ya shikamoo. Flashi ile imepelekwa kwa fundi Arusha, akasema hakuna kitu ndani. Yule mwalimu wa Kihindi hatuna namba yake. Wako watu mpaka leo wanapita nyumbani kuuliza kama picha imepatikana, na ni mimi ninayewafungulia mlango.

Basi, wamama wenzangu, mambo ya kuepuka ni haya:

Usichomoe flashi wakati picha inatembea.

Usipokee kitu kwa mtu anayeitaka nafasi ya mwanao, hata akivua viatu.

Usimwache mtoto abebe picha ya pekee bila nakala. Futeni nyimbo mbili tatu, nafasi itapatikana.

Usiwaingize watu bila kuwaambia watakachoona. Waambieni mara mbili, ya kwanza hawaamini.

Usiwacheke wanaopenda nyimbo, wala wanaopenda ng'ombe. Wamekaa benchi moja.

Usidhani kila kimya ni hasira.

Usiyabebe maneno ya mashineni. Beba unga.

Usikae karibu na projekta kama una moyo kama wangu. Kaa benchi la mbele, mikono magotini.